Jina la Pili Kibandani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa kutikisa kichwa, maana Baba ameniambia kwamba siku hizi hata marahaba unaitoa kwa shingo. Basi tikisa, nami nitahesabu kuwa imenifikia. Habari za nyumbani? Habari za mgongo wako unaoinama juu ya cherehani ya Mama kutwa nzima? Mapazia ya ile shule umeyamaliza, au bado wanakubadilishia vipimo kila ukishika mkasi? Mimi huku ni mzima wa mwili, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza nikiwa mezani, nikahamia dirishani, na sasa naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya jokofu. Mama hakukosea aliponiita Kiroboto.

Baba naye hajambo. Macho amepimwa, miwani mpya amepata, na tangu aivae amekuwa mtu wa kusoma kila kitu kwa sauti: pakiti ya sukari, mabango ya barabarani, hata maelekezo ya sabuni. Anaondoka mchana huu, na ndiye atakayekuletea barua hii. Begi kalifunga tangu asubuhi. Amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu mguuni, na kila nikiinua kichwa anakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia nifanye haraka. Ukiona mwandiko unakimbia, ujue anayeukimbiza ni nani.

Ningekupigia simu, lakini nasikia simu yako inakaa kwenye droo pamoja na vifungo na nyuzi, tena imezimwa. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Halafu, kusema kweli, kwenye simu ungenikatia katikati, na nina jambo ambalo nisipolifikisha mwisho ni bora nisilianze.

Nianzie kazini, kwa sababu yote yametokea huko. Bado niko kwenye ile ofisi ya kuandaa mikutano, bado nakaa dawati la karibu na mashine ya kuchapia, na bosi bado ni yule mama tunayemwita Kengele, kwa kuwa hawezi kukaa bila kumwita mtu. Mwezi huu kaniita mimi. Kanikabidhi ratiba ya mkutano wa mwaka wa madaktari na wauguzi. Ndiyo, ni ule ule. Usiikunje barua, Dada, tafadhali. Nivumilie kidogo.

Zamani ratiba ilikuwa kijitabu. Safari hii waandaaji wametaka iingie kwenye programu ya simu, ili kila mshiriki akibonyeza aone kikao kipo chumba gani na anazungumza nani. Kengele alikwisha kutengeneza ratiba yake kwenye jedwali la kompyuta, na ilikuwa nzuri hata ungeweza kuitandika kitandani. Ina rangi ya waridi, ina rangi ya kijani, ina neno CHAI lililotandazwa juu ya vyumba vyote kama blanketi. Tulipoipakia kwenye mfumo, ikatemwa yote. Fundi wa mfumo, bwana ambaye sijawahi kumwona uso, namjua kwa ujumbe wake wa maandishi mekundu tu, akatuandikia kwamba mfumo hauna haja na rangi. Unataka mstari mmoja kwa kikao kimoja. Tarehe safu yake, saa ya kuanza safu yake, saa ya kumaliza yake, kichwa cha mada, chumba, mzungumzaji, wakalimani. Visanduku visiunganishwe. Pasiachwe nafasi tupu mahali pasipotakiwa. Kengele alikasirika mpaka akaenda kunywa maji, kisha akanigeukia mimi akasema nilivue lile jedwali nguo zake zote nilivalishe upya.

Unanijua. Mimi na kukaa kitako hatujawahi kuelewana. Lakini nilikaa. Nikagundua kwamba ukumbi mmoja umeandikwa kwa namna tofauti tofauti, mara herufi kubwa, mara ndogo, mara na nafasi tupu mwishoni isiyoonekana kwa macho, na mfumo kwa ujinga wake ukahesabu kila namna kuwa ni ukumbi mpya. Tukajikuta tuna kumbi nyingi kuliko jengo lenyewe. Mada ya usafi wa vidonda ilikuwa na sehemu nne. Aliyejaza akaandika tatu mkwaju nne, yaani sehemu ya tatu kati ya nne, na kompyuta ikamwelewa kuwa anataja tarehe ya mwezi wa nne, ikakipeleka kikao chake miezi huko mbele wakati watu wote watakuwa wamesharudi makwao. Profesa mmoja alijaza vyeo vyake kwenye safu ya jina, ya mada na ya chumba pia. Nilicheka peke yangu mpaka mhasibu akaniuliza kama nimekula.

Kilichonitoa jasho zaidi ni saa. Kila mtoa mada alitakiwa kujaza saa aliyokubaliana na kamati. Nusu yao wakajaza saa kama zinavyosomeka kwenye simu, na nusu wakajaza kama tunavyozitamka sisi midomoni. Kwa hiyo aliyeandika mbili huenda anataka asubuhi, huenda anataka baada ya chakula, na mwenye kujua ni yeye na Mungu wake. Nilianza kuwapigia mmoja mmoja, lakini Kengele akasema huo muda haupo, nitumie akili. Nikatumia akili. Daktari mmoja alikuwa ameandika nane. Nikaona wenzake waliomtangulia kwenye orodha wote wameandika kisimu, nami nikampa ya kisimu, asubuhi na mapema, wakati wafagiaji bado wamo ukumbini. Huyu daktari mkumbuke, nitamrudia.

(Baba amekohoa. Nimemwambia gari haliondoki bila abiria. Amenijibu kwamba kuna magari yenye madereva kama mimi.)

Safu ya mwisho ndiyo ya wakalimani. Hapo mfumo una sharti moja ambalo haulilegezi: kila kikao cha lugha mbili lazima kiwe na majina mawili. Ukiandika moja, mstari wote unakuwa mwekundu na faili linakataa kuingia. Nilimwandikia fundi wa mfumo kumwomba anipitishie moja tu, akanijibu kwamba wakalimani wenyewe ndio waliomtaka aweke sharti hilo, kwani hakuna anayefanya kazi peke yake kibandani, kile chumba kidogo cha kioo nyuma ya ukumbi. Nikakukumbuka. Wewe ndiye uliyenifafanulia siku zile ulipokuwa mkalimani: mmoja anasema, mwingine anasikiliza na kumwandikia kwenye karatasi tarakimu na majina magumu, kisha mnabadilishana kabla kichwa hakijachemka. Mimi nikawa nakutania kwamba kazi ya mtu mmoja mnaifanya wawili kwa sababu hamwezi kukaa bila mtu wa kupiga naye soga. Uliniambia siku nikikaa ndani ya kile kioo nitajua.

Basi mstari ulionigomea ulikuwa wa ukumbi mkubwa, baada ya chakula cha mchana, nafasi ambayo mzungumzaji wake alikuwa bado hajajulikana. Jina la kwanza lilikuwa la mwenzako, Redio. La pili aliliacha wazi. Nikampigia, naye akaongea weee, jina lake halikukosewa. Akasema tangu uondoke amekwisha kukaa na kila aina ya mtu. Mmoja anatafuna mpaka kila msikilizaji ukumbini anajua anatafuna nini. Mwingine anasogeza karatasi yenye tarakimu wakati tarakimu imeshapita na msemaji yuko kwenye jambo jingine kabisa. Wa tatu anashusha pumzi, tu, anashusha pumzi siku nzima. Akasema ana hamu ya kukaa na kiti kitupu apumzike, na kwamba jina la pili atanitafutia, nisubiri. Nikamwambia mimi nasubiri, ila Kengele hasubiri. Kengele mwenyewe wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, pumzi yake naisikia sikioni, anataka faili liingie kabla ya chakula.

Nikaandika jina lako.

Sikufikiria. Ndilo jina la mkalimani lililokuwa karibu na vidole. Nililiweka kama mtu anavyoweka mkoba juu ya kiti kumshikia mwenziwe, huku mwenyewe akijua kwamba mwenziwe pengine haji. Mstari ukaacha wekundu, ukawa kama mingine, faili likaingia lote, na Kengele akanipiga begani akasema kumbe naweza. Nia yangu ilikuwa nikishakula nirudi nilifute, niweke la mtu yeyote wa kweli. Naapa ndiyo ilikuwa nia yangu.

Nilichosahau ni kwamba programu ya simu haingoji mtu ale. Faili likiingia, kila aliyemo kwenye ratiba anapata taarifa papo hapo. Kabla sijamaliza chai, Redio alikuwa mlangoni kwetu, amepanda ngazi kwa miguu, simu mkononi, hana pumzi. Aliuliza kama ni kweli. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya mstari mwekundu na mkoba juu ya kiti, na kabla neno halijatoka akavuta kiti cha mhasibu, akakaa, akalia. Redio, Dada! Yule ambaye hanyamazi hata akiwa anameza. Alilia bila sauti na mhasibu akatoka akatuachia chumba. Nilishindwa kumwambia. Ningekuwa mtu wa namna gani kumwambia?

Alipopata nguvu akaanza kuniongelesha kuhusu siku ile ulipoacha kazi, kwa namna ya mtu anayezungumza na anayejua. Nami sikuwa najua kitu. Sisi hapa tulichojua ni ulichotuambia: umechoka, sauti imekataa, ile kazi haikufai tena. Ulifika nyumbani katikati ya wiki na mabegi yako wakati Mama yuko kwenye vile vipimo vyake, na mimi nikakupigia nikakuambia unadeka. Hilo neno nililitumia. Hukunijibu, nami nikadhani nimekushinda hoja.

Redio akanieleza. Ilikuwa zamu yako kwenye maikrofoni. Daktari alikuwa anasimulia habari za mgonjwa wake mmoja, mama mtu mzima, na anazitaja dalili moja baada ya nyingine: miguu, pumzi, usingizi wa kukaa, chakula anachokionea kinyaa, dalili zile zile tulizokuwa tukiziona kwa Mama. Nawe ulikuwa unazitamka moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa ninyi kibandani hamsemi daktari anasema hivi na hivi, mnasema mimi, ulikuwa unasema mimi nilimwona, mimi nilimpima. Redio anasema aliuona mkono wako uliokuwa na kalamu unasimama. Kisha daktari akasema, nawe ukasema kwa mdomo wako, maneno yote yametimia, hakuna lililodondoka, kwamba mimi nilipoziona dalili hizo nilijua hatapona, ila sikuwaambia wanawe.

Baada ya hapo hukusema tena. Redio anasema kimya kilikuwa kirefu mpaka watu ukumbini wakaanza kugongagonga hedifoni zao wakidhani zimeharibika, kisha wakageuka mmoja mmoja kutazama kioo. Akakunyang'anya maikrofoni akaendelea yeye. Ulipotoka na mkoba wako hakuweza hata kukushika mkono, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa kazini.

Dada, nilitoka ofisini. Nilizunguka lile jengo, mara nikijikuta pale pa maegesho, mara kwenye ngazi za nyuma, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa na hasira na yule daktari, hasira na wewe kwa kutotuambia, na hasira na mimi mwenyewe kupita zote. Kwa sababu nilihesabu siku. Tangu siku ile mpaka Mama alipotutoka ulikuwa unajua. Ulimwogesha unajua. Ulimgeuza kitandani unajua. Sisi tukiingia na maneno yetu, kwamba rangi imerudi, kwamba dawa mpya imemkubali, kwamba mwaka ujao tutampeleka kwa shangazi, wewe ukawa unasimama pale kwenye pazia unatikisa kichwa. Kumbe kutikisa kichwa kulianza pale. Mimi nilidhani unakubaliana nasi.

Niliporudi dawatini nilikuwa nimeamua kulifuta jina lako. Nilisema sina haki ya kulichezea. Nilikwisha kulifungua faili na kidole kiko juu ya kitufe, simu ya mezani ikalia.

Alikuwa ni yule daktari niliyempa wafagiaji. Kwa sauti ya upole sana aliniambia kwamba ameona amepangiwa kuzungumza saa mbili asubuhi, naye hana neno na wasikilizaji wa saa hiyo kama wapo, lakini alikuwa amekusudia saa nane ya mchana. Nikamwomba radhi. Nikautafuta mstari wake, nikarekebisha saa, na nikaona nafasi yake inapoangukia: ukumbi mkubwa, baada ya chakula, kwenye mstari wenye jina lako. Hapo ndipo nikasoma kichwa cha mada yake. Kinahusu namna ya kumwambia ukweli mgonjwa na jamaa zake. Nikaanza kushuku kwamba ndiye yule wa siku ile.

Akauliza kibandani watakuwepo akina nani. Sijui kwa nini sikumdanganya. Nikamsomea majina yalivyo kwenye kisanduku. Akaniomba nimrudie la pili. Kisha akauliza kama huyo wa pili ndiye yule aliyenyamaza mwaka ule. Nikamjibu kwamba ndiye, na kwamba ni dada yangu, na baada ya hapo nikamwambia kila kitu, Dada, nisamehe, nikamwambia habari za Mama, habari za dalili, habari za cherehani. Nilikuwa nimejiandaa kumng'ata. Lakini mtu ukimng'ata akakaa kimya anakusikiliza, meno yanakosa kazi.

Alipojibu alisema hivi. Siku ile aliona ukumbi mzima umempa kisogo, wote wanatazama kioo. Naye akatazama. Akamwona mwanamke amesimama na mkono mdomoni. Akajiuliza amesema nini. Alipofika kwake akaisoma tena ile hotuba, akaifikia ile sentensi, na anasema mpaka siku ile alikuwa ameisoma kwenye mikutano mingi na hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwenyewe. Hajaisoma tena tangu hapo. Hotuba ya mwaka huu inaanzia kwenye kile kimya chako. Hakutaji kwa jina, na akaniagiza nikuambie kwamba ukurasa huo ni wako: usipoupenda ufute kwa kalamu, naye hatausoma.

Kisha, na hapa najua utakaa chini, akaituma hotuba yake yote jioni ile ile, kabla ya mkutano, ili wakalimani muisome mapema. Miaka yote ile ulikuwa ukilia kwamba wasemaji hawaleti hotuba zao mpaka wanapanda jukwaani, wengine wanaziandika wakiwa kwenye foleni ya chakula. Huyu ameleta. Nimeichapa kwa herufi kubwa na nimeacha nafasi pembeni ya kuandikia, kama ulivyokuwa unapenda. Iko ndani ya bahasha ya kaki kwenye begi la Baba, chini ya mashati yake.

Sasa niseme lile ambalo limenifanya nisikae kitini tangu jana. Kabla hajakata simu, daktari aliuliza kama utakuwepo kweli. Nami nikamwambia ndiyo, utakuwepo. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, sijui niliitoa wapi. Halafu nikalifunga faili bila kufuta chochote, nikalipakia tena, nalo likapokelewa. Kwa hiyo si bahati mbaya tena. Mara ya kwanza niliweka jina lako kwa haraka, mara ya pili nimeliweka kwa makusudi, na nimemdanganya daktari, na Redio nimemwacha anaimba korido nzima. Hasira yako yote itakuwa ya haki.

Nilidhani barua itaishia hapo. Lakini asubuhi hii nilimweleza Baba, kwa kuwa nilimwona ananitazama na miwani yake mpya na nikahofia anasoma hata mimi. Nilimweleza ulichokijua na ulivyokibeba. Sikutarajia jibu lake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema kwamba Mama naye alijua. Alijua muda mrefu, na alimkataza Baba asituambie. Siyo hilo tu. Anasema adhuhuri moja, wewe umetoka kwenda kuanika shuka, Mama alimwambia kwamba mkubwa wao anajua. Baba akamuuliza kajuaje. Mama akasema kwamba wengine wote tukiingia tunamwambia atapona, naye inambidi ajitie nguvu, atabasamu, aketi vizuri kwa ajili yetu, na tukitoka anakuwa hoi. Lakini mkubwa hamwambii uongo, anamtikisia kichwa tu. Akasema chumba kikiwa na mkubwa peke yake ndipo anapopumzika.

Baba amekaa na maneno hayo miaka hii yote kwa kuwa alidhani hujui kitu na hakutaka kukutwisha. Nawe umekaa na yako kwa kuwa ulidhani hatujui. Nimemuuliza kwa nini hajakuambia hata mara moja, ninyi mnaoishi nyumba moja. Ameniambia kwamba wewe unatikisa kichwa na yeye anakohoa, mtu ataanzia wapi?

Kwa hiyo, Dada, ikiwa kilichokufunga mdomo ni kwamba ulituficha, hukumficha aliyekuwa anahitaji kujua. Yeye mliongea naye kila siku. Sisi ndio tuliokuwa tunapiga kelele. Mimi nakuomba radhi kwa lile neno la kudeka, na ninakuomba kwa maandishi ili liwe mahali unapoweza kulisoma tena. Na mimi nina hamu na sauti yako. Ninasema mimi, na ninayesema ni mimi mwenyewe, hakuna mtu ninayemtafsiria.

Baba amesimama, ameshika begi, na sasa hakohoi tena, anaita. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na yule mteja wako wa mapazia mwambie madirisha yake hayatakimbia. Kula vizuri. Muulize Baba habari za Mama, muulize mwenyewe, usingoje aanze. Na mpokee begi mapema kabla hajaanza kukusomea maandishi ya bahasha.

Mfumo unafungwa Jumatano jioni. Mpaka hapo kisanduku kinafunguka, na nenosiri ni lile jina ambalo Mama alikuwa ananiitia. Mimi vidole vyangu vimekataa kukifuta. Ukiona jina lako halifai kukaa pale, njoo huku ulifute kwa mkono wako, nitakupokea stendi na sitakuuliza neno. Lakini Redio ameshaniambia kwamba hata mfumo ukifungwa, hata ratiba ikibadilika, saa nane ataingia kibandani, atafungua hedifoni mbili, na mkoba wake atauweka juu ya kiti cha pili mpaka mwenyewe aje auondoe.

Mdogo wako akupendaye,
Kiroboto